Gobore la Mama Walburga

Kijiwe chetu kiko Mfaranyaki, Songea, kwenye benchi mbele ya duka la vipuri vya baiskeli. Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe polisi, hataulizwa kitu. Tulikuwa watatu na kahawa yetu: Kamanda, aliyewahi kulinda ghala la mahindi; Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi; na mimi.

— Wamekosea, akasema Kamanda. Kila nyumba ipewe bunduki. Mwizi akijua hivyo, anahamia Njombe.

— Na walevi je? akauliza Wakili. Kusanya zote, mpaka manati!

— Tembo wa Namtumbo utawafukuza kwa manati?

— Tembo ana akili, nikadakia. Akisikia kila nyumba ina bunduki, anavuka mto, anaomba uraia Msumbiji.

Tukacheka sana. Kamanda akajipiga kifua.

— Mimi silaha hainitishi. Nimelala nayo kama mke!

Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama pembeni, kabeba mkeka uliokunjwa.

— Shikamoo, mama, tukamwamkia.

— Marahaba, wanangu. Naitwa Walburga, natoka Lusewa. Nimewasikia. Humu ndani kuna gobore la marehemu mume wangu. Jana mwanangu alilewa, akamwelekezea mkewe, na mkewe ana mtoto mgongoni. Alipopitiwa na usingizi nikalichukua. Nalipeleka polisi, ila naogopa kuingia nalo peke yangu. Nani atanisindikiza?

Kamanda akakohoa.

— Lina baruti ndani?

— Sijui, baba. Nimelibeba hivyohivyo toka nyumbani.

Kamanda akajisogeza hadi mwisho wa benchi. Wakili akasafisha koo.

— Kisheria, mama, mtu akikutwa na mwenye silaha, na yeye anaunganishwa kwenye kesi.

— Si wamesema hawaulizi kitu?

Wakili akanigeukia mimi. Nikainamia kikombe, nikanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Mama akatusubiri kidogo, kisha akaupandisha mkeka begani.

— Basi nionyesheni njia tu.

Mikono mitatu ikanyooka kwa mpigo, kila mmoja akimwahi mwenzake.

— Asanteni, wanangu, Mungu awabariki, akasema. Wala hakuwa anatukejeli.

Akaondoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.