Pete ya Mama Vito

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Vito. Niseme mapema: kichwa kinanizunguka. Nimekaa na familia yake, nimesikiliza, na bado sijui nicheke au nilie.

Mama Vito alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mapambo. Bangili, hereni, pete za shaba zinazochovywa kwenye dawa zing'ae kama dhahabu, kisha ziuzwe bei ya chee. Yeye alibandika vito vya kioo, mdomo haukai kimya. "Bwana harusi akijua bei ya hii, tumekwisha!"

Lakini kidoleni alikuwa na dhahabu halisi. Pete ya ndoa. Mumewe ni fundi baiskeli. Aliuza baiskeli yake mwenyewe kuinunua.

"Walinicheka," mzee aliniambia. "Fundi baiskeli anatembea kwa miguu!"

Sasa sikilizeni. Alipofariki hospitalini, binti yake alimvua pete ile. Chini yake, ngozi ilikuwa ya kijani.

"Baba, dhahabu haiachi kijani."

Mzee alikaa kitako. "Aliiuza? Alikuwa na shida gani asiniambie mimi?"

Aliyemjibu ni rafiki wa marehemu, mama anayechovya pete kiwandani. Zamani, msimamizi aliipenda pete ile, akaiazima itengenezewe kalibu ya mpira, zimiminwe nyingine mfano wake. Mama Vito akaivua kwa maringo. Aliporudishiwa, akaiweka kwenye trei ya zile mpya, akageuka kumtania mtu. Trei ikaenda kwenye dawa. Zote zikatoka zinang'aa sawasawa. Akazipima kiganjani moja moja, akitafuta iliyo nzito, mpaka maboksi yakafungwa. Alibaki na moja ya shaba, na machozi.

"Nitamwambia mume wangu kesho," alisema. Kila ilipopauka, rafiki yake aliichovya tena.

Nikamuuliza mzee kama amekasirika.

"Nimekasirika. Halafu nacheka. Halafu sielewi, mwanangu. Amebeba hilo peke yake, tunalala kitanda kimoja!"

Mzee wetu, binti, na nyote wa kiwandani, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Nawe msikilizaji, ulinunua pete ya chee na mpaka leo haijapauka? Itazame. Mzee haidai, anasema uivae tu. Ila kama kuna jambo unamficha mwenzako, usiliahirishe hadi kesho. Yeye anasema angemsamehe mkewe kabla hajamaliza kusema.