Mzee Lukumani na Magunia ya Chumba cha Tanuru

Tarehe 31 Desemba 1954 Mzee Lukumani anavua aproni yake ya ngozi, baada ya miaka ishirini na sita ya kuyeyusha dhahabu katika mgodi wetu huku Nzega. Alitoka Tabora mjini mwaka 1928, fundi wa bangili na vipuli, akaaga nyumbani kwamba anakwenda kwa miezi mitatu tu.

Kazi yake tunaijua. Jiwe likishasagwa, unga wake hupitishwa kwa maji juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na zebaki huinasa dhahabu. Mzee hulikwangua donge hilo, hulikamua, hulichoma mpaka zebaki iishe, kisha huyeyusha kinachobaki. Vumbi la dhahabu huangukia magunia ya sakafuni, ambayo huchomwa kila mwisho wa mwaka ili majivu yake yasafishwe. Ndiyo maana hakuna atokaye chumba cha tanuru bila kukung'uta viatu. Padre aliyekuja kubariki tanuru jipya alikung'uta mpaka joho.

Mwaka 1951 Mzee alikwenda likizo kumwoza binti yake Zamda. Jumapili moja Meneja, mgeni wa kazi hii, aliona magunia yale ni uchafu. Alimwamuru Limbu, mtunza bustani wake, ayachome, amwage majivu kwenye nyanya, atandike magunia mapya. Mwisho wa mwaka majivu ya magunia mapya, ambayo hayakuwa yameangukiwa na vumbi lolote Mzee akiwa likizo, hayakutoa hata punje. Wafanyakazi sita wakafungiwa stoo kwa wizi, polisi wakaitwa.

Mzee alirudi siku hiyohiyo, akauliza magunia ya zamani yako wapi. Limbu alipomwonyesha, Mzee alichukua karai, akang'oa nyanya zote na kuosha mizizi, mke wa Meneja akilalamika barazani. Udongo nao aliuzoa. Siku ya tatu dhahabu ilitimia. Polisi waliondoka na pilau ambayo Mzee alitupikia kwa ajili ya harusi ya Zamda, badala ya wafungwa, na Meneja akazipima nyanya zake kwenye mizani ya dhahabu kabla hajathubutu kuzila.

Mimi Modest, ninayeandika haya, nilikuwa mmoja wa wale sita. Mke wangu Pelagia alikuwa ameshafunga mizigo arudi kwao Kwihara na watoto, kwa aibu. Nilipotoka stoo nilijaribu kumshukuru Mzee, naye akanituma kuni.

Basi leo nasema, Mzee wetu: ahsante sana. Nenda salama Tabora, Mungu akupe afya na umri mrefu. Watoto wangu wanatembea hapa mgodini bila kuitwa watoto wa mwizi.