Sura ya Dirishani: Maisha ya Mzee Anselme Quesnel

Baba Paroko, ndugu na majirani wa Dieppe, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya marehemu Anselme Quesnel, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1831 katika nyumba ileile tulimomtoa asubuhi hii, akasoma kwa mabruda hadi mwaka 1842, alipofukuzwa kwa kuchonga sura ya mwalimu kwenye dawati, ikafanana naye mno.

Mwaka huohuo aliingia karakana ya baba yake, akachonga kwa pembe za ndovu vichwa na mabega ya manahodha, mapadri na mabibi harusi, akiishika desturi ya nyumba, kwamba sura ya aliye hai hukaa dirishani, mwanga uiache nyeupe, na akifa huhamishiwa kabatini, giza liigeuze manjano.

Tarehe 12 Mei 1856 alimwoa Honorine, binti wa mkausha samaki wa Le Pollet, mtaa wa wavuvi, wakajaliwa mtoto mmoja, Théodule, aliyezaliwa mwaka 1858, ambaye Oktoba 1879 alikwenda kuvua asirudi, wala mwili haukuonekana. Marehemu alimchonga kwa kumbukumbu, akamweka kabatini, mama akamtoa, akamweka dirishani, akasema, "Huyu hajafa mpaka nimwone!" Ikawa baba anaweka, mama anatoa, misa ya wafu haisomwi, hadi mzee akasalimu amri, maana wa kumshinda Mama Honorine hajazaliwa. Lakini sanamu, pamoja na kukaa juani miaka yote hiyo, iligeuka manjano kama siagi iliyochacha, na sisi tuliopita pale dirishani, tuseme kweli, tuliogopa.

Vumbi la pembe lilimshika kifua Novemba 1889, akafariki Jumanne, tarehe 14 Januari 1890, akiomba jambo moja tu, azikwe pamoja na mwanawe. Mama alikataa katakata, kisha jana alasiri akaitoa sanamu dirishani mwenyewe, akaiweka mkononi mwa mumewe, jeneza likafunikwa.

Leo asubuhi, lilipofunuliwa tumuage, sanamu ilikuwa nyeupe pe, imelowa chapachapa, na maji yake yalikuwa ya chumvi. Tulimtazama mama, tukidhani ataidai irudi dirishani. Akamfuta mwanawe uso kwa ncha ya shali yake, akasema, "Funikeni. Wameshaonana."

Tunamshukuru daktari, majirani waliotuletea supu na kuni, na wachongaji wenzake waliobeba jeneza, ambao wanasema lilikuwa zito kuliko la mtu mmoja. Misa ya leo, kwa ombi la mama, ni ya baba na mwana.

Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.