Nusu ya Serikali

Katika basi la kwenda Base, Lise, muuza mandazi, alimuuliza jirani yake wa kiti, karani mzee: "Papa, kesho naanza kazi ya kuoka mikate kwa boulangerie. Serikali itamusaidia patron kulipa nusu ya mushahara yangu. Impôt, ile kodi, itakata ku nusu ingine tu, si vile?"

"Hapana, mama. Inakata ku yote. Haiulize feza inatoka ku mufuko ya nani."

Lise alishangaa kama aliyeona muujiza. "Serikali inapatia patron, patron ananipatia minyi, na serikali inakamata kipande mbele ya minyi kushika? Iko na mikono ngapi?"

Mimi, niliyekaa nyuma yao na niliyewahi kulipwa ahadi tupu, niliitamani hata hiyo kodi.

"Sasa karai yangu ya kukaangia mandazi niuzishe ao nibakishe?" Lise aliuliza.

Basi likasimama kizuizini. Mkono wa mtoza ushuru wa barabara ukaingia dirishani. Lise akauinamia kwa heshima: "Jambo yako, serikali."