Jembe Lililorudishwa kwa Kusimama

Tumsifu Yesu Kristo! Nasikia wa mlimani mmeitika "Milele amina," na Waanglikana wa huku ziwani mmeitika "Amina" peke yake. Haidhuru, amina ni amina. Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mbinga, na ni mwandishi wa riwaya za vijana. Wengine wenu mmesoma kitabu changu cha kwanza. Leo nimesimama mbele yenu kusema kwamba ndani ya kitabu kile kulikuwa na ukurasa wa uongo, na uongo ule ulinitesa mpaka Bwana aliponihurumia.

Nilizaliwa hapa hapa Mbamba Bay, mimi na mdogo wangu Skolastika. Akiwa darasa la saba alipata mimba. Aliyempa mimba alikuwa mwalimu, na shule nzima ilijua. Mwalimu akahamishwa, Skola akafukuzwa. Siku ile alichukua jembe la shule alilokuwa amegawiwa, akaliosha ziwani mpaka likang'aa, akalipeleka mlangoni kwa mwalimu mkuu. Habari ya jembe lile ilienea ufukwe wote. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Nilisimuliwa na marehemu mama kwa maneno machache, naye mwenyewe hakuwepo. Skola sikumwuliza. Lishikeni neno hilo, ndugu zangu: sikumwuliza!

Miaka ikapita, ikaja enzi ya ruksa. Mnaikumbuka. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda mpaka Namswea, mitumba ikajaa minadani, kila mtu akatafuta cha kuuza. Mimi sikuwa na duka, nilikuwa na kalamu. Nikaandika kisa cha msichana na jembe katika madaftari ya shule, Jumamosi hadi Jumamosi, nikakipeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Barua ikarudi: kisa ni kizuri, ila msichana wako ni mkavu. Ongeza machozi. Wasomaji wa siku hizi wanataka machozi.

Nikaongeza! Nilikuwa nimembadilisha jina na kumhamishia mlimani kwenye kahawa, nikadhani nimemficha. Lakini jembe nililiacha, maana bila jembe kisa hakikuwa na ladha. Na pale mlangoni nikampigisha magoti. Nikamfanya aangue kilio, ashike miguu ya mwalimu mkuu, aombe arudishwe darasani. Niliandika huku nalia mwenyewe. Nikasema, hakika huyu ni Roho anayeniongoza. Kumbe kilikuwa kiburi.

Kitabu kikatoka. Shule zikakichukua. Nilipopita sokoni Mbinga watu waliniita mwandishi, nami nikaanza kutembea na mkoba wa ngozi hata nikiwa naenda kununua chumvi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nimeyafumba.

Kitabu kikashuka mpaka ziwani. Editha, mtoto wa Skola aliyezaliwa kwa mimba ile, alikuwa darasa la tano. Mwalimu wake akamwita asome kwa sauti mbele ya wenzake, na ukurasa ulikuwa huo huo. Darasa zima likamgeukia. Watoto wa ufukweni wote walikuwa wamesikia habari ya jembe. Editha akarudi nyumbani, akamwuliza mama yake, "Mama, kumbe ulimwangukia miguuni?" Skola alichukua ungo wake akaenda kuanika usipa, dagaa wetu wa ziwa hili.

Hayo sikuyajua. Nilishuka Krismasi na zawadi zangu, na nakala ya kitabu nimeiweka juu kabisa. Mdogo wangu akanipokea, akaninawisha mikono, akaweka ugali na samaki. Kisha akasema, "Karibu, Mwalimu."

Mwalimu! Tangu aanze kusema aliniita kaka. Nikamwuliza Editha kulikoni, naye akanieleza yote akiwa ameangalia chini. Ndugu zangu, niliirudisha ile nakala mkobani. Nilirudi mlimani bila kusema neno, maana nilikuwa mwoga.

Karibu miaka miwili sikuandika chochote. Nilikaa na daftari, mkono ukawa mzito. Kanisani wenzangu walikwenda kupokea komunyo, mimi nabaki kwenye benchi kama mtu aliyekuja kumsubiri mwingine. Watu walidhani nimelogwa, na jirani yangu alinitajia mganga wa Tingi. Nilijua sikulogwa. Nilijua jina la ugonjwa wangu.

Mwisho nikaenda kuungama. Nilitegemea padri anipe Salamu Maria kadhaa nikazisali nikamaliza. Yeye akasema, "Ulimwandika bila kumwuliza. Kitubio chako ni kumsomea kitabu chote, kwa sauti, yeye akikusikiliza." Nikamwambia, "Baba, nipe kingine." Akasema hana kingine.

Nikashuka. Nilimkuta Skola asubuhi ufukweni, anatandaza usipa kwenye vichanja. Nikamweleza nilichotumwa. Hakuniangalia. Akasema, "Soma, Mwalimu. Mimi nina kazi." Basi nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasoma. Nilisoma asubuhi yote, yeye akigeuza usipa, kichanja baada ya kichanja. Nilipofika mlangoni kwa mwalimu mkuu nikakifunga kitabu. Akasema, "Soma." Nikasoma magoti, nikasoma kilio, nikasoma miguu iliyoshikwa. Aibu niliyoiona, Mungu anajua!

Mikono yake ikasimama. Akaniambia, "Hapo umekosea. Sisi tunapiga magoti tukimpa mkubwa kitu. Siku ile sikupiga. Nilisimama. Nilimpa jembe kwa mikono miwili, nikamwamkia shikamoo, nikasubiri anijibu. Aliyeinamisha kichwa ni yeye. Nilikuwa mtoto, nimefukuzwa, sina kitu. Nilikuwa na kule kusimama tu. Na wewe ukanipokonya."

Ndugu zangu, niliteremka kwenye mtumbwi nikapiga magoti mimi, mchangani, penye magamba na maji machafu, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanaanika. Nikamwomba msamaha. Nililia, na safari hii hakuna aliyeniagiza machozi. Yeye akatazama juu ya ziwa, mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Malawi. Akasema, "Inuka, kaka. Mvua hiyo. Tuanue usipa."

Bwana asifiwe! Nilikuwa nimeshajaza ungo wa pili ndipo nikatambua ameniita nani.

Siku iliyofuata nilikwenda shuleni. Niliomba ruhusa, nikasimama mbele ya darasa la Editha, nikawaambia ukurasa ule ni uongo wangu. Nikawasimulia ilivyokuwa. Kengele ilipolia Editha alitoka akiwa ameinua shingo. Nikamwandikia mchapishaji ukweli ule, akanionya kwamba ni mkavu. Nikamjibu kwamba bila ukurasa ule kubadilishwa, kitabu kisichapwe tena. Kilichelewa, lakini kilichapwa, na msichana wangu sasa anasimama. Mkono wangu ukafunguka, nikaandika tena. Na Jumapili iliyofuata siku ile ya ufukweni, nilipokea Mwili wa Bwana.

Basi namshukuru Mungu, aliyetumia kichanja cha usipa kunifundisha kazi niliyodhani naijua. Na wewe uliyeketi hapo, si lazima uwe mwandishi. Kama yuko mtu uliyemsimulia vibaya, kilabuni, kisimani, hata katika sala zako, usiogope. Mwamini Bwana, uende kwake, ukaseme mbele ya macho yake yale uliyoyasema mgongoni. Utaumia. Lakini utapona.

Skolastika yupo, amekaa kule nyuma na akina mama. Jana nilimsihi asimame pamoja nami hapa, naye atoe ushuhuda. Akakataa. Akaniambia, "Kaka, wa kwangu nilishautoa. Nilikuwa nimeshika jembe."