Karatasi Yenye Jina ya Bruno

BRUNO: Haloo? Ni nani?

LAURE: Haloo—

BRUNO: Ongea nguvu, rezo ya simu ni mbaya! Ni nani?

LAURE: Ni minye. Laure.

BRUNO: Laure... Hii namba ni ya nani?

LAURE: Ya kaka yangu Vainqueur. Ya kwangu haupokeaka tena. Wiki mbili niko huku Katogota, napiga, inalia tu.

BRUNO: Kazi ilikuwa mingi. Moto yangu ya kubeba abiria ilikufa, nikaipeleka kwa— eh, muko salama huko? Mama mkwe?

LAURE: Tuko. Anauliza kama mume wangu alinituma kumusalimia ao alinifukuza. Nimujibu nini?

BRUNO: Laure, usianze.

LAURE: Sijaanza. [mkwaruzo] Nini inalia hapo? Mbuzi?

BRUNO: Mbuzi? Ni... ya jirani.

LAURE: Bruno.

BRUNO: Ni mbili tu. Za mama.

LAURE: Kumbe ni leo. Munaenda Luvungi kuposa yule binti, akuwe bibi yako wa pili.

BRUNO: Nani alikuambia?

LAURE: Hapo kwetu Sange watu wote wanajua, weye unaniuliza nani! Umevaa koti gani?

BRUNO: Ile... ya bluu.

LAURE: Ya ndoa yetu.

BRUNO: Sina ingine, Laure! Unataka niende na tishati?

LAURE: Nataka usiende.

BRUNO: Si minye nilitaka. Ni watu wa famii. Walikaa, wakasoma karatasi ya labo, ya kupima mbegu yangu, mbele ya watu wote, ulikuwako. Miaka sita bila mtoto. Karatasi inasema mwanaume ni muzima, basi kosa—

LAURE: Ni ya minye.

BRUNO: Sikusema vile.

LAURE: Mama yako anasema. Aliipeleka ku sekretaria ya fotokopi wakaifunga mu plastiki, anaiwekaka mu Biblia. Mugeni akikuja, minye naleta chai, yeye anafungua Zaburi, anaonyesha: mutoto wangu Bruno, mbegu yake ni nzuri kabisa!

BRUNO: Anafurahiaka tu, ni mama—

LAURE: Bruno, mbegu ile ilikuwa ya Marcellin.

BRUNO: Haloo? Haloo? Haisikike—

LAURE: Inasikika vizuri sana. Mulienda ku labo ya Uvira wawili ku moto. Weye ukabaki inje, rafiki yako akaingia na kale ka chupa ka kuwekea mbegu. Bibi yake, Chérie, njo alinielezea tukipalilia mpunga. Alikuwa anacheka. Alizani najua.

BRUNO: Lini?

LAURE: Miezi mitatu sasa. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe. Nikisema minye, watasema ni wivu ya tasa.

BRUNO: Yule wa labo alikuwa Fadhila. Fadhila tulisoma naye, Laure! Akanipa chupa, ati ingia pale, usikawie. Nikaogopa kuingia. Na kama wangekuta hakuna kitu? Ile siku tu, parking yote ya wamotari wenzangu ingejua. Marcellin ana watoto watano, akasema lete, ni kitu ya dakika moja.

LAURE: Dakika moja. Na minye nikanywa dawa ya miti ya mama yako miezi saba. Nikaanguka mu kanisa, mbele ya korale. Ulinibeba weye mwenyewe, Bruno. Ulinibeba na ukanyamaza.

BRUNO: Nililia siku ile.

LAURE: Nilikuona. Njo maana bado nakupenda, mujinga weye.

[rezo inakwaruza]

BRUNO: —kusikia. Sasa nifanye nini?

LAURE: Nilienda kuona munganga wa hospitali Uvira, peke yangu. Akasema mbegu ya mwanaume inajitengenezaka mupya karibu miezi mitatu. Mitatu tu! Muntu anakaa ku moto toka asubuhi mpaka jioni, joto chini, jinzi ya kukaza, pombe ya kanyanga, sigara... aache hivyo, akule vizuri, alale, kisha apimwe. Yeye mwenyewe. Kama iko mushipa umevimba, wanaweza kupasua. Kama ni ugonjwa, iko dawa.

BRUNO: Alisema itapona?

LAURE: Hakuapa. Alisema inaweza. Lakini hawezi kukutibu na karatasi ya Marcellin.

BRUNO: Kanyanga nimepunguza.

LAURE: Toka lini?

BRUNO: Toka... juzi.

LAURE: [anacheka kidogo] Juzi. Aksante, papa.

BRUNO: Na moto nikiiacha tutakula nini?

LAURE: Punguza safari. Pumzika, tembea. Mpunga iko, nitalima. Nitalima ya weye na ya minye, Bruno, nilishasema, sichoki. Mama yako yuko wapi?

BRUNO: Ku mulango, na baba mudogo Frédéric. Minibus imefika.

LAURE: Mupe simu.

BRUNO: Hapana!

LAURE: Basi mwambie weye. Ni maneno matatu. Si mbegu yangu.

BRUNO: Mbele ya baba mudogo? Mama alionyesha ile karatasi mpaka kwa padri! Atakufa na haya.

LAURE: Na minye nikufe na nini?

BRUNO: Nitasema. Ku njia. Tukifika Luvungi nitamuvuta pembeni—

LAURE: Mukifika Luvungi mbuzi zitakuwa zimefungwa kwao! Sema sasa. Nasikiliza.

BRUNO: Laure—

LAURE: Nasikiliza.

BRUNO: [honi, sauti za watu] Mama! ... Eh, mama, minye niko na... nilikuwa nataka... Kamba. Kamba ingine ya mbuzi iko wapi?

LAURE: Oh, Bruno.

BRUNO: Siwezi. Nisamehe. Mudomo unakataa. Nafungua, inatoka kitu ingine.

LAURE: Ngoja. Unite ya simu ya Vainqueur inaisha. Yule binti anaitwa nani?

BRUNO: Pétronille.

LAURE: Ana miaka ngapi?

BRUNO: Makumi mbili. Laure, nakuapia, kama ingekuwa—

LAURE: Sikia. Mwaka moja watamungoja azae. Wa pili watamunywesha miti ile ile. Ataanguka, na weye utamubeba, uta—

[simu imekatika]

BRUNO: Haloo? Laure? ... Haloo? ... Eh, mama, nakuja. ... Hapana, mama, si muntu wa kwetu. Alikosea namba.