Kamati ya Mwisho ya Ephantus Ireri Mbaka (1958–2025)

Marehemu Ephantus Ireri Mbaka alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 hapa Kibugu, Embu, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa marehemu Mzee Mbaka Njagi na marehemu Mama Rwamba. Mama yake alizoea kusimulia kwamba asubuhi ile alikuwa shambani, mchana akajifungua, na kabla wiki haijaisha akawa ameshika jembe tena. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika boma lile kama sifa. Ireri aliisikia tangu utotoni, akaiamini, na ilimchukua zaidi ya miaka hamsini kuanza kuitilia shaka.

Alisoma shule ya msingi hapa Kibugu kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akamaliza shule ya upili mwaka wa 1976. Waliosoma naye wanasema alikuwa kiranja, mpiga kengele, nahodha wa mpira na msimamizi wa maktaba, yote kwa wakati mmoja, na maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja. Kati ya 1979 na 1981 alisomea afya ya mifugo huko Kabete. Alirudi na cheti, buti za mpira, na tabia ya kutembea kama mtu aliyeachwa na gari.

Mwaka wa 1982 aliajiriwa na serikali akapelekwa Muthara, kule Tigania, Meru. Kazi yake ilikuwa kutibu mifugo na kupandisha ng'ombe kwa mbegu za madume bora, zile zinazohifadhiwa kwenye mtungi wenye baridi kali. Ng'ombe akianza kutafuta dume hangoji mtu. Ukichelewa siku moja, umengoja wiki tatu nyingine, na mwenye ng'ombe hatakusahau. Kwa hivyo watu walimwita asubuhi, mchana na jioni, naye akaenda. Hakuwa daktari kwa cheti, lakini kuanzia Muthara hadi Kibugu aliitwa Daktari mpaka mwisho wa maisha yake.

Huko Muthara ndiko alikompata Karimi, binti wa Mzee Mithika na Mama Gatwiri. Siku alipopeleka wazee wa Embu kujadili mahari, yeye mwenyewe alifika chakula kikiondolewa, shati limelowa mpaka begani, kwa sababu njiani alikuta ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mama mkwe alimtazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Karimi, huyu ni mtu mzuri. Lakini ujue wewe utakuwa wa mwisho kwa laini, nyuma ya ng'ombe zote za Kenya."

Watu walicheka, na Karimi akacheka nao. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 katika kanisa la Kianglikana hapa Kibugu, na Mungu akawajalia watoto watatu, waliopewa majina ya babu na bibi zao: Rwamba, Mbaka na Gatwiri. Waliishi hapa Kibugu, na Karimi akajifunza Kiembu upesi sana. Akikasirika tu ndipo aliporudia Kimeru, na watoto walijua huo ndio wakati wa kwenda kuchota maji bila kutumwa.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi mwaka wa 1993, marehemu alianza kazi yake binafsi kwa pikipiki. Hapo ndipo mbio zilipoanza sawasawa. Alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji na wa josho la ng'ombe. Alikuwa katibu wa kituo cha chai, mweka hazina wa ukoo, mjumbe wa bodi ya shule na mzee wa baraza la kanisa. Kamati za mazishi hata hazikumchagua, zilimngoja tu afike ndipo zianze. Mtu akisikia Ireri hayumo katika jambo, aliuliza kama jambo hilo ni halali. Kwa kawaida wasifu kama huu ungesimama hapa na kuzihesabu nyadhifa hizo moja moja. Marehemu mwenyewe alikataza, na sababu yake mtaisikia.

Karimi alikuwa na ng'ombe wake, wa rangi ya maziwa na madoa meusi. Mwaka wa 2007 ng'ombe huyo alianza kulia akitafuta dume. Karimi akamwambia mumewe, naye akajibu, "Kesho asubuhi, Mama Rwamba." Kesho alikuwa kwa watu. Wiki tatu zikapita, ng'ombe akalia tena, na jibu likawa lile lile. Mara ya tatu Karimi hakumwambia mtu. Alichukua kamba, akamtoa ng'ombe zizini na kumpeleka kwa dume la jirani, kupitia barabara ya kanisani. Ndani ya ukumbi wa kanisa, mbele ya wafugaji wote wa kata, Ireri alikuwa amesimama akiwafundisha hasara ya kupandisha ng'ombe kwa madume ya kijijini. Madirisha yalikuwa wazi. Karimi alisimama, akawasalimu wajumbe kwa heshima, akaendelea na safari yake. Semina iliishia hapo, kwa maana hakuna aliyeweza tena kuzuia kicheko. Ireri naye alicheka, na jioni alikuwa na mkutano mwingine.

Tulilicheka jambo hilo kwa miaka. Karimi ndiye aliyeacha kulicheka mapema.

Tarehe 19 Julai 2011, asubuhi ya ukungu na baridi, marehemu alishikwa na usingizi juu ya pikipiki akaingia katikati ya majani chai. Wachumaji walimkuta amelala kati ya mistari, mtungi wake bado umefungwa nyuma, akiwaambia wamwachie dakika tano tu. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Hospitalini Embu walipopima shinikizo la damu, walirudia kupima kwa sababu hawakuamini mashine. Wanakamati walikuja kwa zamu kumwona, na wengine walikuja na mambo ya kuamuliwa. Karimi alingoja watoke wote. Hakugomba. Alivuta kiti akasema:

"Baba Rwamba, mimi nimekuwa mjane miaka ishirini na sita na bwana yuko hai. Kama unataka kufa, kufa. Mimi sitaona tofauti kubwa."

Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kiembu wala Kimeru. Marehemu alitueleza baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi: alizungumza naye kama mtu anayezungumza na mgeni. Aligeukia ukutani akalia, mtu ambaye hata wazazi wake alikuwa amewazika huku akielekeza magari pa kuegesha.

Bega lilipopona, alianza kujiuzulu. Alikwenda kwa miguu, kamati baada ya kamati, akasimama mbele ya watu na kusema, "Nimechoka, naomba kuacha." Hakuna aliyemwamini, kwa sababu Kibugu hapakuwa na mwanaume aliyewahi kusema neno hilo hadharani. Wengine walisema anataka kugombea uwakilishi wa wadi. Wengine walikagua hesabu za mradi wa maji mara mbili na kukuta kila kitu kiko sawa, wakazidi kushangaa. Kaka yake mkubwa alimwita kando na kumuuliza kama Karimi amempa kitu kwenye chakula.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kazi. Palikuwa na kijana mtaalamu wa mifugo aliyetoka Meru, Mukiri, ambaye watu hawakumwamini kwa kuwa ni mgeni. Marehemu alimpakia kwenye pikipiki, akampeleka kwa wafugaji wote wa ng'ambo ya mto, na kila boma akasema, "Kuanzia leo daktari wenu ni huyu." Hivyo alimpa nusu ya kazi yake. Tusidanganyane hapa kaburini: haikuwa rahisi. Nyumba ilibana matumizi. Gatwiri alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kuingia chuo, na hakumficha baba yake hasira. Alimwambia mbele yetu sote, "Baba wa wenzangu wanachoka pia, lakini wanaendelea." Marehemu alijibu, "Najua. Mimi nimewazika wengi wao." Hakuomba msamaha, wala hakurudi nyuma.

Alitengeneza benchi la mbao, akaliweka nyuma ya jikoni, upande unaotazama Mlima Kenya. Tangu hapo, kila jioni saa kumi alikaa hapo na Karimi, wakanywa chai na kula nduma hadi jua lizame. Karimi anasema wiki za kwanza marehemu alikuwa akitikisa goti kama mtu anayengoja kuitwa ndani. Polepole goti likatulia. Mwaka wa 2018 ujumbe wa kituo cha chai ulikuja kumwomba arudi kuwaokoa, wazee watano waliovaa koti. Aliwakaribisha, akawamiminia chai, akawasikiliza hadi mwisho.

"Daktari, bila wewe hii kitu itakufa," wakasema.

"Ikikufa mniite, nitakuja mazishi," akasema. "Lakini ikuwe kabla ya saa kumi."

Kituo hakikufa. Msidhani lakini kwamba aligeuka mvivu. Alifanya kazi asubuhi mpaka mwaka jana, akapandisha ng'ombe, akawatibu, akapalilia kahawa yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alifanya kiasi cha mtu mmoja, basi.

Mwezi Machi 2024 alianza kupata shida ya kumeza chakula. Hospitalini Meru waligundua saratani ya koo. Alitibiwa kwa miezi kadhaa, akiishi kwa Gatwiri huko Kinoru, na binti huyo aliyekuwa na hasira alimpikia uji kwa mkono wake na kuuchuja mara mbili ili usimkwame. Mwaka huu, mwezi Juni, madaktari walisema wamefika mwisho wa uwezo wao, naye akaomba kurudishwa nyumbani.

Sasa ikawa zamu ya Karimi kukimbia. Alimwosha, akampikia, akachuma chai alfajiri, akakamua, akakaa kando ya kitanda akisinzia akiwa ameketi, na aliyetaka kumsaidia alifukuzwa kwa Kimeru. Benchi lilikaa tupu. Asubuhi moja ya Julai marehemu alisikia kutoka kitandani mlio wa ndoo ikianguka zizini. Karimi alikuwa amepatwa na usingizi akikamua, akaanguka chini ya ng'ombe. Marehemu aliomba simu. Jumamosi iliyofuata watoto wote watatu walikuwa wamezunguka kitanda chake, pamoja na Mukiri.

"Hii ni kamati," alisema, na sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Mimi ndiye mwenyekiti. Ajenda ni moja. Mama yenu apumzike."

"Nani alikuchagua?" Karimi akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe. Mwaka wa themanini na tano."

"Na nani atakamua?"

"Mimi, Mama," Mukiri akasema. Na kweli, kuanzia siku ile hadi leo asubuhi, daktari wa ng'ambo ya mto amekuwa akija kukamua ng'ombe wa Karimi kabla ya kwenda kazini.

Watoto waligawana siku. Rwamba alichukua ruhusa kutoka shule anayofundisha, Mbaka akawa anatoka Nairobi kila Ijumaa, Gatwiri akaja kila Jumapili. Kamati ilikutana mara kwa mara, na katika mkutano mmoja mwenyekiti alileta suala la wasifu huu. Alisema nyadhifa zisisomwe, kwa sababu muda wa kuzisoma ni muda wa watu kusimama juani. Kisha akasema, "Na mwishoni musiseme nipumzike. Mimi nimepumzika miaka kumi na nne na nyinyi mliniona. Hiyo neno mpatie mama yenu."

Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, baada ya chakula cha mchana, Karimi aliketi kwenye benchi akapitiwa na usingizi juani. Rwamba alikuwa ndani na baba yake, akaona pumzi inabadilika. Aliinuka ili akamwite mama yake. Marehemu aliinua mkono kutoka kwenye blanketi, akautikisa mara moja: hapana. Kutoka kitandani, kupitia dirishani, alikuwa akimwona Karimi. Rwamba aliketi tena, akamshika mkono ule ule, na baba yake akaondoka akiwa ametazama nje.

Karimi alipoamka na kuambiwa, alisema neno moja tu: "Mbona hamkuniita?"

"Mwenyekiti alikataa, Mama," Rwamba akajibu.

Hajatusamehe bado, na ana haki yake. Alikuwa amemngoja mtu huyu miaka ishirini na sita, akampata miaka kumi na nne, na dakika ya mwisho akalala. Sisi tunaamini kwamba Baba aliondoka akiona kitu alichokuwa akikitafuta, lakini hatutamlazimisha Mama akubali hilo leo.

Marehemu ameacha mjane, Karimi. Watoto Rwamba, Mbaka na Gatwiri. Mkwe mmoja, wajukuu wanne, kaka wawili, dada watatu. Na Mukiri, ambaye jina lake aliagiza liandikwe pamoja na watoto. Kamati ya mwisho haijavunjwa. Mwenyekiti mpya ni Rwamba, na ajenda haijabadilika.

Kwa hivyo ibada hii itakwisha mapema. Wanaotaka kumfariji Mama wanakaribishwa asubuhi yoyote. Jioni, kuanzia saa kumi, mmoja wetu atakuwa ameketi naye nyuma ya jikoni, na chai itakuwa tayari. Baba, wewe ulishapumzika, tulikuona. Mama Karimi apumzike.